Mkia Juu, Mkia Chini

Mtu aliyekulia mjini akifika kwenye mnada wa mifugo hushindwa jambo moja dogo: kumjua kondoo. Yeye anamjua yule wa kwenye kadi za Krismasi na picha za ukutani kanisani, mweupe, mnene, amejaa sufu. Kondoo wa kienyeji wa kwetu hana sufu. Ana manyoya mafupi ya kahawia au ya mabakamabaka, miguu mirefu, na akiwa katikati ya mbuzi, kwa mbali huwezi kusema yupi ni yupi. Wachungaji hawahangaiki na manyoya. Wanatazama mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala.

Naanza na mkia kwa sababu ule mfano wa Injili ya Mathayo, sura ya 25, wa kondoo kuwekwa kulia na mbuzi kushoto, uliomchafulia mbuzi jina kwa karibu miaka 2,000, ulisimuliwa kwa watu waliolijua jambo hilo. Palestina ya wakati ule wanyama hawa walichungwa pamoja mchana kutwa, jioni mchungaji akawatenga. Sababu inayotajwa mara nyingi ni baridi: mbuzi haivumilii, kondoo anaivumilia, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na malazi yake. Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, naye aliandika kwamba baridi humwumiza mbuzi kuliko kondoo. Kwa mchungaji wa kweli, basi, kumtenga mbuzi ilikuwa kumtunza. Ni mhubiri aliyekuja nyuma yake ndiye aliyeona upande wa kushoto akadhani mnyama mwenyewe ana kasoro.

Umbali huo kati ya anayechunga na anayehubiri ndio ninaotaka kuupima, na Songea, mkoani Ruvuma, ni mahali pazuri pa kuupimia. Hapa kuna Wangoni, waliokuja na ng'ombe wakabaki na mbuzi. Kuna Peramiho, abasia ya Wabenedikto iliyoanza mwaka 1898, na makanisa yote yaliyozaliwa na kazi yake. Kuna misikiti, na kuna wafugaji wa Kisukuma na Kibarbaig walioshuka kutoka kaskazini hadi Namtumbo na Tunduru wakiwa na makundi mchanganyiko. Kila mmoja ana namna yake ya kuwasoma mbuzi na kondoo. Siku hizi kuna pia msomaji mwingine, mwanasayansi wa maabara, ambaye amechelewa sana kufika lakini amekuja na vipimo. Nikiwasikiliza wote, naona kosa moja linajirudia: akili ya mbuzi tumeijua kwa sababu inatutia hasara, na ya kondoo hatukuiona kwa sababu anaitumia kwa kondoo wenzake.

Tuanze na mwenye hasara.

Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiwa watu wa ng'ombe, na katikati ya karne hiyo wakaifikia nchi hii ng'ombe akiwa bado ndiye kipimo cha heshima ya mwanamume. Halafu mambo yakamwandama ng'ombe. Misitu ya miombo ina mbung'o. Miaka ya 1890 sotoka ikapita Afrika Mashariki. Ikaja Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, Wajerumani wakachoma mazao na ghala za chakula, na kilichofuata ni njaa. Katika kaya nyingi ng'ombe akawa habari za wazee, na mbuzi ndiye aliyebaki kulipia mgonjwa, ada ya shule, mahari na tambiko. Anakula matawi yasiyoliwa na wengine, anazaa upesi, na akifa hakufilisi.

Lakini Ruvuma ni nchi ya mahindi, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Mvua ikianza Novemba au Desemba mbuzi hufungwa kamba, kigingi kikapigwa ardhini pembeni ya nyumba, na kitoto cha shule kikapewa kazi ya kumhamisha mchana. Mahindi yakivunwa Juni na Julai, kamba inafunguliwa. Kwa hiyo mbuzi wa Songea ana miezi ya kifungo na miezi ya uhuru, na akili yake huonekana zaidi akiwa kifungoni.

Jirani yangu ana jike mmoja mwenye sikio lililochanika. Banda lina mlango wa mabanzi, na mlango unafungwa kwa ufito unaopita kwenye vitanzi viwili vya waya. Jike huyu hausukumi mlango. Anasimama ubavuni mwake, anapenyeza mdomo wa juu kwenye mwanya kati ya banzi na banzi, anaugusagusa ufito mpaka aone unakwenda upande gani, kisha anaushika kwa meno na kuuvuta kidogokidogo. Ukikwama kwenye fundo la mti hapambani nao. Anauacha, anazunguka ndani ya banda, anarudi kuushika upande wa pili. Wenzake wakati wote huo wamelala wanacheua. Ufito ukidondoka wanainuka wote kwa pamoja.

Nilimwuliza mvulana anayewachunga nani amemfundisha.

"Hakufundishwa, mjomba. Ananitazama mimi nikifunga."

Jibu hilo lina ubishi ndani yake kuliko mvulana alivyojua. Mwaka 2014 Elodie Briefer na Alan McElligott, watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walichapisha jaribio walilofanya na mbuzi 12 kwenye hifadhi moja huko Kent, Uingereza. Walitengeneza kisanduku chenye chakula ndani. Ili chakula kitoke, mbuzi alipaswa kwanza kuvuta kamba kwa meno, halafu kuinua wenzo kwa pua. Mbuzi 9 waliweza, kwa wastani baada ya kujaribu mara 12 hivi. Miezi 10 baadaye walirudishiwa kisanduku kilekile, na wakakifungua chini ya dakika 2. Ila kuna jambo halikutarajiwa: waliopewa nafasi ya kumtazama mbuzi mwenzao akifungua hawakujifunza haraka kuliko wale ambao hawakuona kitu. Kila mmoja alianza upya kwa meno yake mwenyewe.

Kwa hiyo mvulana amekosea? Si lazima. Miaka miwili baadaye Christian Nawroth na wenzake walionyesha kwamba mbuzi wakimwona binadamu akizunguka uzio kukifikia chakula, huipata njia mapema kuliko wasiomwona. Wakaonyesha pia kwamba mbuzi akipewa chombo kilichofungwa asichoweza kukifungua, humgeukia binadamu aliye karibu na kumtazama, na humtazama zaidi ikiwa binadamu huyo amemwelekea uso kuliko akiwa amempa mgongo. Kama jike yule alijifunza kwa ubishi wake mwenyewe au kwa kumkodolea macho mvulana, mimi siwezi kuamua nikiwa nimekaa kibarazani. Ninachojua ni kwamba mvulana alikuwa akimtazama mbuzi wake kwa makini ya kutosha hata akagundua kwamba anatazamwa.

Tuna msemo wa kumpigia mbuzi gitaa, tunapotaka kusema mtu hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Mbuzi hakustahili. Mama mbuzi ameonekana akiujua mlio wa mwanawe hata mwaka mmoja baada ya kumwachisha kunyonya, na watoto wanaokulia kundi moja milio yao huja kufanana, wakaachana na ya kundi la jirani. Masikio anayo. Gitaa tu ndilo halimhusu.

Mbuzi akishaingia kwenye mahindi ya mtu, suala linahama kutoka kwenye akili yake kwenda kwenye akili zetu, na hapa mapokeo ya Kiislamu yana mengi ya kumpa mwenyekiti wa kitongoji. Qurani, katika Suratul Anbiyaa, inataja kesi iliyowafikia Daudi na Suleimani: wanyama wa watu fulani waliingia kwenye shamba la wengine usiku wakalila. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliamua kundi lote apewe mwenye shamba. Suleimani, akiwa bado kijana, akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na wanyama, anywe maziwa na kufaidi sufu na vizazi vyao, na wakati huohuo mwenye wanyama alilime shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu achukue chake. Ipo pia hukumu ya Mtume, inayosimuliwa kutokana na ngamia aliyeharibu bustani, kwamba mchana mwenye shamba alinde shamba lake, usiku mwenye mnyama alipe. Nimesikiliza mabaraza ya mbuzi na mahindi yakikwama kwa saa nzima kwenye swali hilohilo, nani alipaswa kuwa macho saa ngapi. Na sioni mahali popote katika hukumu hizo mnyama anapoitwa mwovu. Ana njaa na ana miguu, na anayejua hayo ndiye anayepaswa kufunga banda.

Heshima ya Uislamu kwa kazi hii inakwenda mbali zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alisema hakuna nabii aliyetumwa ambaye hakuchunga kondoo na mbuzi, na alipoulizwa kama naye alichunga, akakubali kwamba aliwachungia watu wa Makka kwa malipo kidogo. Ibn Hajar, mwanazuoni wa Kairo aliyefariki mwaka 1449, alijiuliza kwa nini wanyama hawa, kwa nini si ngamia. Akajibu kwamba hawa ni dhaifu zaidi, hutawanyika zaidi, na hawazoeleki kufungwa kama ngamia na ng'ombe. Anayejifunza kuwakusanya huku kila mmoja ana tabia yake hujifunza subira ya kukaa na watu. Huo ni usomaji wa mtu anayefahamu kwamba kundi lina watu wengi wadogo ndani yake. Kwa Ibn Hajar mchungaji anafundishwa na kundi. Kwenye mahubiri niliyozoea kuyasikia, kundi ndilo linalofundishwa.

Waarabu hawakuwa watakatifu wa usawa, lakini. Al-Jahiz wa Basra, katika kitabu chake kikubwa cha wanyama cha karne ya 9, ana sehemu nzima ya kulinganisha kondoo na mbuzi kwa mtindo wa mashindano ya hoja, na kondoo ndiye anayepewa sifa: shujaa akisifiwa anaitwa kondoo dume, mtu akitukanwa anaitwa beberu. Sisi tulimpeleka beberu kwenye siasa, tukambebesha ukoloni mzima. Maskini mnyama, hakuwahi kutawala hata kijiji.

Sasa kondoo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye aliyedhulumiwa kimyakimya.

Aristotle hakumwonea haya. Katika uchunguzi wake wa wanyama anasema kondoo ndiye mpumbavu kuliko wanyama wote wa miguu minne: hutangatanga nyikani bila sababu, hutoka malazini kwenye dhoruba, na theluji ikimkuta hasogei mpaka mchungaji aburute madume, ndipo wengine wafuate. Papo hapo anaeleza jinsi wachungaji walivyowazoeza kondoo kukimbilia pamoja wasikiapo kishindo, kwa sababu radi ikimkuta jike mwenye mimba peke yake huiharibu mimba. Haioni kinzano. Mnyama aliyefundishwa ishara ya sauti akaikumbuka mpaka siku ya radi anaitwa mpumbavu katika ukurasa uleule. Na mbuzi je? Aristotle anasema ukimshika mmoja ndevu, wenzake husimama wakaduwaa wakitazama. Ningependa kumwona akijaribu kwa yule jike wa sikio lililochanika.

Ilibidi tungoje mpaka mwaka 2001, Keith Kendrick na wenzake wa Taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge, walipochapisha katika jarida la Nature kwamba kondoo huzijua nyuso za kondoo wengine 50 na kuzikumbuka kwa zaidi ya miaka 2. Walizijua kwa picha tupu, bila harufu wala sauti. Mwaka 2017 Jenny Morton na wenzake, hapohapo Cambridge, wakawafundisha kondoo 8 kuichagua picha ya mtu mashuhuri, Barack Obama akiwa mmojawapo, dhidi ya picha ya mtu mwingine, wakapatia mara 8 hivi katika 10. Kisha wakaonyeshwa picha ya mtu anayewahudumia kila siku, ambayo hawakuwahi kufundishwa, wakamtambua mara 7 katika 10.

Fikiria maana yake zizini. Mchungaji anayesema kondoo wote ni sawa anatazamwa na kondoo wanaojua kwamba wachungaji si sawa. Uso wa mwenzake una habari kwa kondoo: nani ana wasiwasi, nani ametulia, nani ndugu yake. Akili yake imeelekea huko, kwa wenzake, si kwenye komeo la banda. Tulipomtafuta kwenye komeo hatukumkuta, tukaandika hana.

Hata kule kufuatana, ambako ndiko kumempa jina baya zaidi, kumechunguzwa. Mwaka 2012 kondoo 46 walivalishwa vifaa vya setilaiti vya kuonyesha mahali walipo, mbwa naye akavalishwa, kisha akaachiwa awaswage. Ilionekana wazi kwamba kila kondoo, mbwa akikaribia, hakimbilii mbele wala hafuati jirani kipofukipofu; anajipenyeza kuelekea katikati ya kundi, mahali ambapo mwili wa mwenzake unakuwa kati yake na meno. Mtu akifanya hivyo vitani tungesema anajua kujificha. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa, Luis Gómez-Nava, Richard Bon na Fernando Peruani, walifuatilia vikundi vidogo vya kondoo malishoni wakakuta kwamba mwendo wa mstari una kiongozi kila mara, lakini kiongozi si yuleyule. Anaongoza safari moja, wanasimama kula, safari inayofuata anaongoza mwingine. Wanapokezana. Sijui chama kipi cha siasa katika ukanda wetu kingeweza kukaa na utaratibu huo wiki mbili.

Na kuna elimu inayorithishwa. Kwenye milima ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, kondoo huachwa mlimani bila uzio na hawapotei, kwa sababu kila jike amemfundisha mwanawe mpaka wa malisho yao kwa kutembea naye, na mama yake alimfundisha yeye. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipolazimisha makundi mengi kuuawa, wafugaji walilia hasara mbili: ya wanyama, na ya ramani waliyokufa nayo. Kondoo wapya walionunuliwa walikuwa wazima wa afya, lakini mlima hawakuujua.

Mbuzi naye ana urithi wake, ila wa miamba. Babu wa mbuzi wa kufugwa ni mbuzi mwitu wa milima ya magharibi mwa Asia, ambako wote wawili walianza kufugwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Kondoo alitokana na jamaa zake wa miteremko iliyo wazi. Wa kwanza aliokoka kwa kupanda na kujaribu mahali pa kukanyaga, mmoja mmoja. Wa pili aliokoka kwa kuona mapema na kukimbia pamoja. Wote wawili wana mboni iliyolala kama kipande cha mstari, na watafiti wa Marekani walieleza mwaka 2015 jambo ambalo yeyote anaweza kulihakikisha kwa kuchuchumaa karibu na mbuzi anayekula: akiinamisha kichwa, jicho huzunguka ndani ya tundu lake, mboni ikabaki sambamba na ardhi. Huku mdomo uko kwenye majani, upeo wote wa macho unaendelea kulindwa. Anayedhani mnyama huyu anawaza chakula tu hajawahi kuchuchumaa.

Nirudi kwenye Biblia, maana si haki kuiacha mikononi mwa Mathayo 25 peke yake. Kitabu hicho kina wachungaji halisi ndani yake. Yakobo, katika Mwanzo 33, anamkatalia kaka yake Esau mwendo wa haraka akisema wanyama wananyonyesha, wakiswagwa kwa nguvu siku moja tu kundi litakufa. Mtakatifu Benedikto, ambaye kanuni yake ndiyo inayofuatwa Peramiho hadi leo, aliichukua kauli hiyo ya Yakobo akaifanya somo kwa abati: asiwaendeshe ndugu kupita nguvu zao. Hiyo ni elimu ya malishoni iliyoingia monasterini bila kupoteza ukweli wake. Na Yohana 10 inasema kondoo huijua sauti ya mchungaji, mgeni hawamfuati, humkimbia. Sura hiyo husomwa kanisani kama sifa ya utii. Isome kama mchungaji: inasema kondoo anatofautisha watu, anachagua, na anaweza kukataa. Cambridge imechukua miaka mingi kuifikia aya ile.

Kuna jambo moja katika Yohana ambalo halifanani kabisa na huku. Mchungaji wake hutangulia, kondoo wakamfuata. Barabara zote za vumbi za Songea nilizopita, mchungaji yuko nyuma na fimbo. Anayetangulia hutegemea kuaminiwa; anayeswaga hutegemea kuogopwa kidogo. Wafugaji wa makundi mchanganyiko wana njia ya tatu, ambayo Wamongolia wanaijua vizuri: changanya mbuzi na kondoo, mbuzi watatangulia, kondoo watafuata, nawe utembee ubavuni. Machinjio za Marekani zilikwenda mbali hadi kumtumia mbuzi aliyefunzwa kuwapeleka kondoo kwenye kisu, yeye akipitia mlango wa pembeni kila siku. Walimwita kwa jina la Yuda, wakati waliompanga kazi hiyo walikuwa binadamu.

Kuhusu mbuzi kama mganga, nitapita upesi. Aristotle alisikia kwamba mbuzi mwitu wa Krete wakichomwa mshale hutafuta majani fulani ya kuutoa. Wahabeshi wanasema mchunga mbuzi aligundua kahawa baada ya kuona wanyama wake wakirukaruka, na kisa cha namna hiyo kilichapishwa Roma mwaka 1671 na Antoine Faustus Nairon. Wakulima wa Mbinga, wanaoishi kwa kahawa, husimulia hilo kwa kucheka. Mimi pia nacheka. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Utah waliwalisha kondoo vyakula vitatu vinavyodhuru, wakawafundisha dawa ya kila kimoja, na kondoo wakaweza kuchagua dawa iliyolingana na kilichowadhuru. Kondoo tena, si mbuzi. Hakuna aliyewahi kumtungia kisa cha kahawa.

Linabaki suala la kimya. Mbuzi akishikwa anapiga kelele kijiji kizima kijue. Kondoo anashikwa, analazwa, hasemi. Isaya 53 ilifanya kimya hicho kuwa alama ya mtumishi anayeteswa bila kufungua kinywa, na Wakristo wakaipokea. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki nazo zilimchagua kondoo kwa shughuli za amani na mvua: Wakikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta mwaka 1938, walimtoa mwanakondoo chini ya mti wa mugumo kuomba mvua. Hayo yote yana uzito wake, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na yule anayetoka kwenye alama hiyo kwenda zizini akiamini kwamba kondoo haumwi, au anaumwa na kuridhika.

Mnyama anayewindwa akiwa kwenye kundi hana faida ya kumtangazia chui kwamba anachechemea. Kondoo huficha. Krista McLennan na wenzake walichapisha mwaka 2016 kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa kondoo mwenye kuoza kwato au kuvimba kiwele, na wataalamu wa kompyuta wa Cambridge wakafundisha mashine kukisoma mwaka uliofuata. Alama zake hazihitaji mashine. Jicho linajifinya. Shavu linakaza. Masikio yanaangalia chini na nyuma, ndani ya sikio hakuonekani tena. Midomo inabana, na tundu za pua ambazo kwa kawaida chini zina umbo la U zinakunjwa mpaka zinakuwa V.

Uislamu ulikuwa umeshachukulia kwamba yuko mtu nyuma ya kimya hicho. Hadithi iliyopokewa na Muslim inaamuru kisu kinolewe vizuri na mnyama apunguziwe mateso, na nyingine inasimulia jinsi Mtume alivyomkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya macho ya kondoo aliyemlaza, akimwuliza kama anataka kumwua mara mbili. Swali hilo lina maana tu ikiwa kondoo anaelewa kisu ni nini. Mchinjaji mmoja wa mtaani kwetu, mzee anayeitwa kila sikukuu ya Idi, hunolea nyuma ya ukuta wa jiko na kumleta mnyama mmoja mmoja, wengine wakibaki upande usioona. Nilimwuliza kama kondoo nao anawafanyia hivyo, maana hawalalamiki.

"Hao ndio zaidi, mwanangu," alisema. "Mbuzi atakuambia. Kondoo ni mpaka umtazame pua."